Tulivyoubeba Moshi wa Pipeline kwa Miguu Hadi Mjini

Tangu Jumanne ile watu wananiuliza swali moja. Wateja wangu wa hapa sokoni Jericho, shemeji zangu wa Kitale kwa simu, hata mchungaji wetu baada ya ibada: "Fundi Wafula, ni kweli tulikuona Jogoo Road umevaa kisanduku kifuani, unatembea polepole kama bwana harusi?" Ni kweli. Nimechoka kueleza vipande vipande huku nimeshika sindano mdomoni, kwa hivyo naandika mara moja, msome nyote, kisha mniache nimalize sare za shule.

Habari za barua, fomu na sahihi nitaziruka. Jueni haya tu. Nyuma ya magorofa ya mtaa wa Pipeline, huku Nairobi, kuna karakana inayoyeyusha betri kuukuu za magari. Kibali chake kilikuwa kinaisha, na kamati ilikuwa ikutane saa nane mchana katika hoteli moja kubwa ya mjini iamue kama kiongezwe. Mradi mmoja wa hewa safi ulikuwa na mashine ndogo ya kupima moshi, yenye taa. Kijani ni kwamba unapumua vizuri, manjano unaanza kuharibikiwa, nyekundu Mungu akusaidie. Wakubwa wa mradi walitaka wakazi wawili waibebe kutoka Pipeline hadi hotelini, ili kamati ione hewa ya kila mtaa. Iwe kwa miguu, walisisitiza, maana magari yanaharibu dunia. Wao walikuwa wamekuja Nairobi kwa ndege, wengine wamebadilisha ndege mara mbili njiani, lakini fomu haikuuliza hilo.

Mimi niliingia kwa sababu nilishona mfuko wa kubebea ile mashine. Walipouona umenikaa vizuri kifuani, wakasema basi nibaki nao.

Pipeline

Mwenzangu alikuwa Mama Shiru. Anachoma mahindi kwenye lango la jengo lao, na anakaa ghorofa ya tatu, chumba ambacho dirisha lake linatazamana na bomba la moshi la ile karakana. Nilibisha saa kumi na mbili asubuhi. Shiru, binti yake wa miaka tisa, alikuwa ameketi kitandani na sare yake, mito miwili mgongoni. Kila akivuta pumzi kifua kilitoa mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Hulala hivyo," mama yake akaniambia. "Akilala chali anakosa hewa. Daktari alisema tuhame. Nikamuuliza, tuhamie wapi, kwako?"

Kisha akanitazama. Sifa zangu zilikuwa zimefika Pipeline kabla yangu.

"Fundi, nasikia wewe ni mtu wa mzaha. Leo hatuchekicheki. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize."

Nikamwambia nimemaliza.

Tulipofika kwenye ukuta wa karakana tulikuta maajabu. Lango limepakwa rangi mpya. Mlinzi anamwagia vumbi maji kwa ndoo, taratibu, kama anabatiza. Bomba halitoi hata uzi wa moshi. Mtu alikuwa amewaambia kwamba leo wanapimwa.

"Leo hatuchomi, mama," mlinzi akasema kwa furaha. "Tunatunza mazingira."

Taa ilikuwa ya manjano, na kwa Pipeline manjano ni likizo. Nilidhani Mama Shiru atapiga kelele. Alimpungia mlinzi mkono, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Haya basi, sisi tunaenda mjini, ni mbali!" Akanishika kiwiko, tukapiga kona ya kwanza, akaniingiza kibandani kwa mtu anayeuza chai.

"Mandazi mangapi?" akaniuliza.

"Mama Shiru, tutachelewa."

"Kunywa chai, Fundi."

Nilikuwa katika andazi la tatu moshi ulipopanda. Kwanza wa kijivu, halafu mweusi, na ladha ikaja ulimini kama umelamba msumari. Tukarudi kwenye ukuta kwa haraka. Taa ikawa nyekundu kabla hatujasimama. Mlinzi alibaki na ndoo mkononi.

"Si mlienda?"

"Tulisahau mwavuli," Mama Shiru akamjibu, na jua lilikuwa kali tayari.

Pipeline hadi Donholm

Kwenye Outering Road tulikuta gari la mradi linatusubiri. Ndani yake alikuwa Bwana Dennis, mshauri wa tabianchi, kijana nadhifu ambaye hutamka neno "jamii" akiwa amefumba macho. Gari lilikuwa refu, jeupe, la dizeli, limebandikwa kitambaa chenye picha ya jani. Mpango, alisema, ni wao kutangulia mbele yetu polepole, mpiga picha aketi nyuma mlango ukiwa wazi, dunia ione wananchi wakitembea kwa ajili ya hewa safi.

Basi tukatembea, na bomba la gari likaanza kututemea kifuani. Taa ikawa nyekundu, ikakataa kubadilika. Tulipita jalala linalofuka, nyekundu. Tulipita mbali na jalala, nyekundu ileile. Mpiga picha alikuwa akituonyesha kidole gumba. Nilipokohoa alinisihi nikohoe tena nikitazama upande wake.

"Dennis!" Mama Shiru akaita. "Hilo gari linatuua."

"Tunawalinda, mama. Barabara ni hatari."

"Basi kaa nyuma."

Likakaa nyuma. Upepo nao ulikuwa unatoka nyuma. Mama Shiru alitembea hatua kama ishirini hivi, akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akakunja mikono.

"Mama, tuna ratiba," Bwana Dennis akasema dirishani.

"Na mimi nina mapafu."

Wakajadiliana ndani ya gari, vioo vimefungwa, injini inanguruma ili wasipate joto. Mwishowe Bwana Dennis akasema kwa huzuni kwamba watatungojea hotelini. Wakaondoka kwa kasi. Chupa zetu za maji na chakula chetu cha mchana vilikuwa ndani ya gari.

Jogoo Road

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilisikia likiwa limeongezwa chumvi.

Tulikuwa tunakaribia steji moja ya matatu, magari yamepangana, yote injini zinawaka bila kwenda popote, maana dereva wa Nairobi huamini abiria huvutwa na mngurumo. Taa yangu ilikuwa nyekundu tena. Makanga mmoja, mwita abiria, aliyejaa cheni shingoni akaniona, akaiona taa, akakiona kisanduku.

"Niaje, mzae. Hiyo ni nini?"

"Ni mashine ya kupima moshi," nikamjibu kwa uaminifu.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa kamati. Mjini."

Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akapiga kelele ambayo sitaisahau: "Zimeni! Zimeni gari! Serikali iko hapa, inapima!"

Injini ya kwanza ikazimika. Ya pili. Zikafuatana mpaka mwisho wa mstari, moja baada ya nyingine. Sijawahi kusikia Jogoo Road bila injini. Nilisikia mtu akimenya muwa, na mtoto akilia upande wa pili wa barabara. Muda si mrefu taa ikashuka manjano, na baadaye kidogo, nawaapia, ikagusa kijani. Mama Shiru aliinama akaitazama kifuani pangu kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Kumbe inafanya kazi," akasema polepole. Hakuwa anacheka, wala mimi.

Yule makanga akanivuta pembeni. "Buda, tuongee kiungwana. Utaandika nini?" Mkono wake ulikuwa tayari unatafuta mfuko wangu wa shati. Nikamweleza kwamba mimi ni fundi nguo. Hakuamini. Aliniambia hata yule aliyekuja mara ya mwisho alisema ni mwalimu.

"Weka pesa yako," Mama Shiru akamwambia. "Gari zikae hivyo hivyo zimezimwa mpaka zijaze abiria. Tutakuwa tunapita kila wiki."

"Sawa, mathe," akasema kwa adabu kubwa.

Hatukuwa tumefika mbali zikaanza kuwaka tena. Lakini watu wa pale wananiambia bado kuna dereva mmoja anayezima akiona mtu yeyote amebeba begi kifuani.

Jericho

Saa tano tulifika kwangu, njaa inatuuma, na mimi kwa kiburi cha mwenyeji nikampeleka Mama Shiru kwa Mama Adhiambo, ambaye samaki wake wa kukaanga ndio sababu mimi sikuwahi kuhamia mtaa mwingine. Nilikosea kitu kimoja. Sikuivua mashine.

Nilipoinamia karai kuchagua samaki, taa ikageuka nyekundu mbele ya wateja wote.

"Hiyo inasema nini?" Mama Adhiambo akauliza, kijiko kikiwa hewani.

"Haisemi kitu," nikajibu.

"Wafula, taa nyekundu kwa samaki yangu! Inasema imeoza?"

Wateja wawili wakaweka sahani chini. Nikajaribu kueleza kwamba mashine haijui samaki, inajua moshi wa makaa tu. Hapo nikawa nimeumwagia moto mafuta.

"Kwa hivyo mimi ndio ninaharibu hewa ya Kenya? Mimi? Na vile viwanda vya huko ng'ambo ya reli?"

Mama Shiru ndiye aliyeniokoa. Alichukua kigoda, akaketi karibu na jiko, palepale moshi unapopita, akasema, "Mama, mimi huchoma mahindi. Macho yako huwasha jioni?"

"Yanawasha kama pilipili."

"Yangu pia. Gesi ulijaribu?"

"Nilijaribu. Mtungi uliisha kabla ya wiki kuisha. Makaa nanunua kwa mkebe, kidogo kidogo. Gesi nani atakuuzia kwa mkebe?"

Wakaendelea hivyo, wakilinganisha kikohozi na bei, na mimi nikala. Mama Adhiambo alituandalia samaki mzima na ugali, na sukuma, akakataa katakata kulipwa, kwa hasira ile ile. Tulipoondoka alimfungia Mama Shiru kipande kimoja kwa gazeti, cha Shiru. Mimi aliniambia nisirudi na taa yangu.

Jericho hadi Muthurwa

Tulipita Makadara tukiwa wazito wa ugali. Karibu na soko la Burma mashine ikaanza kulia, kama kifaranga. Betri. Bwana Dennis alikuwa ametupa waya wa kuchaji, lakini hakutupa umeme. Mama Shiru alianza kutembea mbele yangu karibu akimbie, leso imemteleza begani. Alikuwa ameambiwa kwamba mashine ikizimika kabisa, huenda vipimo vyote vya asubuhi vikapotea. Na asubuhi ndiyo ilikuwa na ule ukuta.

Sokoni Muthurwa stima ilikuwa imepotea. Tuliingia kibanda kwa kibanda, katikati ya nguo za mitumba na magunia ya viazi, tukiomba umeme kama watu wanaoomba maji. Hatimaye mtu mmoja anayetengeneza simu, kijana mnyamavu aliyeitwa Kamau, akatuhurumia.

"Niko na jenereta," akasema.

Mnajua jenereta za Muthurwa. Akaivuta kamba mara nne, ikapiga chafya, ikatoa wingu la buluu lililoficha nusu ya kibanda. Muuza viatu wa jirani akafunga pua kwa soksi ya kuuza. Mashine ikapata chaji, ikalala palepale mezani ikinywa umeme, taa yake nyekundu ikiwaka kwa nguvu mpya.

"Inapima nini hii?" Kamau akauliza.

"Moshi," nikasema.

Akaitazama jenereta yake. Akaitazama mashine. Akarudi kwenye simu aliyokuwa akiifungua, mabega yanamtikisika. Nilimwangalia Mama Shiru, nikitegemea kukemewa, maana na mimi nilikuwa karibu kuangua kicheko. Alikuwa amejifunika uso kwa leso. Nilidhani analia. Kisha nikasikia.

Alicheka mpaka akaketi kwenye gunia.

Hotelini

Mlinzi wa hoteli alituangalia kuanzia viatuni. Alitaka kujua kama tumeleta mboga. Ilibidi Mama Shiru amwonyeshe taa ikiwaka ndipo akaita mtu, na mtu akaita mtu, tukaingia ukumbini saa nane na robo. Ndani kulikuwa na baridi ya kuvalia sweta, na nje jua la Nairobi linachoma. Nilikiona chakula chetu cha mchana mezani kwa mpiga picha, kimefunguliwa.

Bwana Dennis alikuwa amesimama mbele anaeleza. "Ndugu wanakamati, adui mkubwa wa hewa ya Eastlands," akafumba macho, "ni jiko la makaa." Ukutani ikatokea picha kubwa: mwanamke ameinama juu ya mahindi, moshi umemfunika nusu ya uso, leso ya maua ya njano.

Niliitazama leso iliyokuwa kando yangu.

"Huyo ni mimi," Mama Shiru akasema.

Watu wakageuka. Halafu, sijui nani alianza, wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya programu. Mgeni mmoja akasimama kabisa akatabasamu na kuinama.

Mama Shiru akangoja makofi yaishe. Alikwenda mbele, akasimama chini ya uso wake mwenyewe.

"Sikuulizwa kama nipigwe picha," akasema. "Lakini sawa. Jiko langu linatoa moshi, ninajua, mimi ndiye hukaa mbele yake. Nipeni gesi ninayoweza kununua kwa mkebe, kesho nalizima. Ila msiweke mahindi yangu ukutani, na betri za huyu mzee wa karakana mzifiche kwenye bahasha."

Mwenye karakana alikuwa amekaa safu ya mbele na wakili wake. Wakili akainuka. Mteja wake, akasema, ni mtu wa kufuata sheria, na leo tanuri halikuwashwa hata dakika moja. Amekwisha kutia sahihi mbele ya kamati hii.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaniita niilete mashine. Wakaiunganisha, na mstari wa rangi ukatokea ukutani juu ya picha ya Mama Shiru, kila kipande na saa yake.

"Hapa, asubuhi," mwenyekiti akasema. "Manjano, halafu ghafla nyekundu. Mlikuwa wapi?"

"Kwenye ukuta wa karakana, mheshimiwa," nikajibu. "Tulipokwisha kuaga, tukarudi."

Wakili akaketi, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Na hapa, nyekundu ndefu kuliko zote. Hii ni kiwanda gani?"

Nilitafuta namna ya upole ya kulisema, sikuipata. "Hapo tulikuwa nyuma ya gari la mradi."

Bwana Dennis alifumbua macho.

Mwenyekiti hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Mama Shiru kama mtoto aliyetajwa kwenye barua ni wake. Mama Shiru akasema ndiyo, ana miaka tisa, analala ameketi. Alisema hivyo tu, na sauti ikamkatika. Nikasimama kando yake kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Tanuri lizimwe, kamati ikaamua, mpaka wakaguzi wafike.

Nyumbani

Tulirudi kwa gari kama watu wengine, na sitaona aibu.

Tanuri lilikaa baridi wiki sita. Wiki ya pili Mama Shiru alinipigia simu asubuhi mapema, nikadhani kuna msiba. "Amelala chali," aliniambia. "Fundi, nimekaa tu hapa namwangalia." Nilikata kitambaa vibaya siku hiyo, mkono mzima wa shati, na sikujali.

Halafu wakaguzi wakafika. Walikagua, wakapima, wakagundua kosa: bomba la moshi lilikuwa fupi. Mwenye karakana akaongeza kipande kirefu, kikang'aa, akapewa kibali, na tanuri likawashwa. Hewa ya dirisha la Mama Shiru imebaki kuwa nzuri kwa sababu moshi sasa unapita juu yake. Mdomo wa bomba umelingana na ghorofa ya sita. Bwana Dennis aliandika ripoti kuhusu mafanikio hayo, na nasikia alienda kuisoma ng'ambo.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Shiru alinishinda drafti mara tatu, akikimbia kuzunguka meza kila akila kete yangu. Tulikuwa kwenye chai mlango ulipobishwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, bado amevaa koti la kazini, amembeba mtoto mchanga aliyefunikwa uso kwa kitambaa. Alisema anatoka juu, ghorofa ya sita, na kwamba mtoto ana siku tatu hapumui vizuri.

"Nimeambiwa hapa ndipo kwa mama wa mashine," akasema.

Mama Shiru alimpokea mtoto, akamwekea sikio kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliufahamu mlio ule. Bila kuinua kichwa akamuuliza yule baba kama anaweza kutembea mpaka mjini.

Alisema anaweza kuanza sasa hivi.